Kulala nyumba ya kale Bagamoyo kabla ya Saadani

Ndugu, umeuliza uchague nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo au hoteli ya ufukweni, kabla ya kwenda Saadani, hifadhi ya wanyama. Chukua ya kale, ila kagua ukuta kwanza. Jiwe la matumbawe linataka lipu ya chokaa. Mkarabati akipaka saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, rangi ikabanduka kuanzia chini, chumba kikanuka ukungu. Pitisha kiganja ukutani usawa wa goti. Kikitoka na unga mweupe, omba chumba cha ghorofani. Vyumba vya asili ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Kwa hiyo uliza upana wa kitanda, na kama madirisha yapo pande mbili. Upepo ukipita, feni inatosha kabisa.

Ukishikilia ufukwe, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamekupwa mbali, huogelei.

Saadani, ukilala ndani ya hifadhi kuna tozo ya kila usiku juu ya kiingilio. Uliza kama bei imeijumlisha, na jenereta huzimwa saa ngapi. Masika, Machi hadi Mei, usiende bila gari la kuvuta magurudumu yote manne: udongo mweusi ule ukilowa hunasa hata dereva mzoefu.