Usimwachie namba moja

Mdogo wangu, umesema uko kidato cha tatu, unampenda kijana mnayegombea naye namba moja, na kwenye mtihani wa hesabu uliacha maswali mawili makusudi ili asinune. Hapo ndipo moyo umeniuma. Usirudie tena.

Mwakani Novemba mtakaa mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Kule Baraza la Mitihani halikushindanishi na yeye: linajumlisha pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, na ukipata kati ya 7 na 17 ni daraja la kwanza. Nyote wawili mnaweza kulipata.

Mweleze ukweli kuhusu yale maswali. Akikununia kwa kumzidi, utakuwa umemjua mapema. Mimi na mpinzani wangu wa fizikia tulikuwa tukisahihishiana madaftari maktaba, mchana, wenzetu wakiwepo, na mpaka leo tunaheshimiana sana. Anzeni hivyo. Ya mapenzi yasubiri mmalize shule, na akikuita mkutane kwa siri, kataa.

Mtihani ujao wa hesabu, jibu maswali yote.