Kutoka Daftari la Matukio hadi Kalamu na Brashi

SWALI: Mhariri, nimestaafu baada ya miaka 26 katika polisi, mingi nikiwa trafiki kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret. Ninaandika hadithi na kuchora, lakini jamaa zangu husema askari hawezi kuwa msanii. Nianzie wapi?
Mstaafu, Nakuru

JIBU: Mzee wetu, umekwisha kuanza. Ulipokuwa ukijaza daftari la matukio, ulijizoeza kutaja saa, mahali na kilichoonekana bila kutia chumvi, na huo ni msingi ambao waandishi wengi chipukizi huutafuta kwa shida. Joseph Wambaugh, wa polisi ya Los Angeles, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1971 akiwa bado kazini, akaacha kazi mwaka 1974.

Mchoro uliotutumia, wa kandambili ya mtoto iliyobaki kando ya lami pale Salgaa, ukanda wake umeshikizwa kwa waya, umetugusa kuliko ambavyo gari lililopondeka lingetugusa. Andika vivyo hivyo.

Tunakusihi jambo moja kwa dhati: majina ya waliofiwa na siri za upelelezi havikuwa mali yako ulipovaa sare, wala havikugeuka kuwa mali yako ulipoivua, kwa hiyo badilisha majina, mahali, hata mwaka, ili mjane yeyote asisome msiba wake kitabuni mwako. Kazi yenyewe ni yako, kwani sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Jamaa zako nao, waonyeshe ile kandambili.