Kuweka pawa stelingi kwenye Hilux LN106 bila kumaliza mfuko

Kaka, kwa LN106 yenye injini ya dizeli aina ya 3L na usukani mgumu usio na pawa, usihangaike na pampu za magari mengine. Zipo LN106 zilizotoka kiwandani na pawa. Tafuta inayokatwa spea, uchukue seti nzima: stelingi boksi (boksi la gia za usukani) na pitmani amu yake (mkono unaotoka kwenye boksi kugeuza matairi), kiungo cha shafti ya usukani, pampu na breketi zake, puli, tenki na mipira miwili. Ukinunua boksi na pampu tu, meno ya shafti huweza kukataa, au puli ya krenki ikakosa mfereji wa mkanda. Hapo fundi wa kuchonga ndiye anayekula akiba yako.

Sili inayovuja si tatizo, ni bei ndogo. Shafti ya pitmani ikicheza kwenye boksi, achana nalo.

Mpira wa presha, unaopeleka mafuta kutoka pampu hadi boksi, usiwe wa mtumba. Peleka ncha za ule wa zamani kwa watengeneza mipira ya hydroliki wakufungie mpira mpya. Klipu ni za mpira wa kurudisha mafuta kwenye tenki tu.

Kabla ya kufunga, piga brashi ya waya chasisi pale boksi linapokaa, maana Hilux hizi hupasuka hapo. Ukiona ufa, chomelea kwanza na bati la kuimarisha.

Hesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu ya mizunguko hiyo, matairi yanyooke, ndipo uvalishe pitmani. Jaza ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya Dexron III, inua matairi ya mbele, zungusha usukani injini ikiwa imezimwa hadi mapovu yaishe, huku ukiongeza mafuta. Ukiwasha mapema yanatoka povu na pampu inalia.