Namna ya Kuusikiliza Mlio wa Vienna Philharmonic

Anayetaka kuutambua mlio wa Vienna Philharmonic, okestra iliyoanzishwa na Otto Nicolai mwaka 1842, namshauri ayasikilize kwanza mabaragumu ya mviringo, ingawa fidla ndizo zinazosifiwa zaidi. Mrija wa baragumu la Vienna, uliopangwa katika sauti ya F, ni mwembamba na mrefu kuliko ule ambao wapigaji wa kwingineko huutegemea mara nyingi, na vali zake, yaani vifaa vya kubadilishia noti, huunganisha noti kwa ulaini usio na mkato. Uzuri huo una hatari yake: katika mrija mrefu noti za juu hukaribiana mno, hivyo ni rahisi kuikosa moja. Nikisikia noti ikitetereka katika rekodi ya tamasha, huisamehe mara moja.

Chukua Simfoni ya Pili ya mtunzi Brahms, ambayo okestra hii ndiyo iliyoipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1877 ikiongozwa na Hans Richter. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, baragumu huimba peke yake juu ya ala za nyuzi. Sikiliza hapo tu, kisha usikilize mahali hapohapo kwa okestra nyingine. Dakika hizo chache zilinifundisha mengi kuliko kuisikiliza simfoni nzima huku nikishughulika na mambo mengine.

Obo, ala ya kupuliza ya mbao, pia ni ya aina ya pekee, na timpani, yaani ngoma kubwa za okestra, huvikwa ngozi ya mbuzi.

Hata hivyo, vyombo havielezi kila kitu. Wanachama hutoka katika okestra ya Opera ya Taifa ya Vienna, baada ya kutumika huko angalau miaka 3, na anayewasindikiza waimbaji kila mara huzoea kuvuta pumzi pamoja nao. Naamini mazoea hayo husikika hata pasipo mwimbaji. Tangu mwaka 1933 hawana kondakta wa kudumu, bali hujitawala na kuwaalika makondakta wageni. Kujitawala huko kumelinda mapokeo, lakini kulilinda pia ubaguzi, kwa kuwa mwanamke hakukubaliwa kuwa mwanachama hadi mwaka 1997, na sioni haki ya kuyasifu mapokeo hayo bila kulitaja hilo.

Tamasha la Mwaka Mpya la okestra hii liache kwanza, maana kamera na maua ya ukumbi wa Musikverein huyashinda masikio. Utakapolifikia, hesabu mapigo matatu ya walsi, ule muziki wa dansi: la pili huwahi kidogo, kwa kiasi ambacho hakiandikwi katika karatasi za noti.