Kwa nini Labour ya Uingereza haijawahi kuelewana kuhusu Ulaya

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuwaje chama cha wafanyakazi kama Labour kishindwe kuwa na msimamo mmoja kuhusu Umoja wa Ulaya, halafu mzigo wote ukamtwisha Jeremy Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa chama 2015 hadi 2020. Mimi naishi Leicester, ni mwanachama wa Labour, na 2016 nilipiga kura ya maoni ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, maana sisi wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa tuliruhusiwa, wakati Mpoland tuliyekuwa naye zamu moja hakuruhusiwa. Hii mada naisikia vikaoni kila mara.

Ugomvi ulianza kabla Corbyn hajawa mbunge. 1962 Hugh Gaitskell, kiongozi wa mrengo wa kulia kabisa wa chama, ndiye aliyewaambia wajumbe kuwa kujiunga na Ulaya iliyoungana kunaweza kumaliza historia ya miaka elfu moja. Kina Roy Jenkins, mrengo wake huohuo, walikuwa wanaitaka Ulaya kwa moyo wote, na 1971 wabunge 69 wa Labour walikaidi chama wakapiga kura upande wa serikali ya Edward Heath wa chama pinzani cha Conservative, iliyotaka kujiunga. Baadaye waziri mkuu wa Labour, Harold Wilson, akaona chama kitapasuka, akaitisha kura ya maoni ya kubaki au kutoka 1975 na kuwaruhusu mawaziri wapingane hadharani, Tony Benn, Michael Foot na Barbara Castle wakasimama upande wa kutoka. Wananchi asilimia 67 wakasema tubaki.

Benn watu wanamsema vibaya bila kumsikiliza. Hoja yake ilikuwa ya madaraka, yaani wanaotutungia sheria tunawaondoaje? Na aliogopa serikali ya kijamaa ikishinda hapa itafungwa mikono na sheria za soko la pamoja, isiweze kulinda viwanda. Hiyo ni hoja nzito, sio chuki ya wageni. Ndio maana ilani ya 1983 iliahidi kujitoa kabisa, na Tony Blair, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Labour, aliingia bungeni kwa ilani hiyohiyo, mwaka uleule na Corbyn.

Sasa kilichowageuza ni Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative. Alishinda 1979, 1983, 1987, vyama vya wafanyakazi vikabanwa hadi vikakosa pa kukimbilia, halafu Septemba 1988 Jacques Delors, rais wa Tume ya Ulaya, akaja Bournemouth kwenye mkutano wa TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawaeleza habari ya Ulaya yenye haki za wafanyakazi. Watu waliokuwa wanaipinga Brussels, yaani Ulaya hiyo, miaka yote wakaanza kuiona kama ngao, na haikuwa maneno tu, sheria ya saa za kazi ilitoka huko, serikali ya Conservative ikaipinga hadi kwenye mahakama ya Ulaya, serikali ikashindwa kesi 1996, Labour ndiyo ikaileta 1998. Likizo ya kulipwa ninayochukua mimi mfanyakazi wa zamu inatokana na hapo, kwa hiyo nilipiga kura ya kubaki bila kusitasita.

Kwa mtazamo wangu wanasiasa wa Labour huipenda Ulaya wanapokata tamaa ya kushinda nyumbani, wakiona ushindi uko karibu wanaanza kuiogopa. Corbyn aliyesema kwenye kampeni ya 2016 anaipa Ulaya 7 au 7.5 kwa 10 alikuwa anasema anachokiamini, ni mtoto wa shule ya Benn, na wenzake wengi walitaka ashangilie kitu ambacho hata wao hawakuwahi kukitetea majimboni kwao.

Kinachoniuma ni baada ya hapo, upande wa kutoka uliposhinda. 2017 wabunge 47 wa Labour walikaidi chama wakapinga mswada wa kuanza kujitoa, wengine kibao majimbo yao yalipiga kura ya kutoka wakawa wanahesabu viti tu. Keir Starmer, aliyechukua uongozi baada ya Corbyn na aliyepigania kura ya pili ya maoni, ilani yake ya 2024 ikasema hakuna kurudi soko la pamoja, hakuna umoja wa forodha, hakuna watu kuingia na kutoka kwa uhuru. Kwa hiyo mgombea akija tawini kwetu simuulizi kama anaipenda Ulaya. Namuuliza hizo haki za 1998 atazilinda kwa sheria gani sasa hivi, maana Conservative wakirudi hakuna mahakama ya Ulaya ya kuwazuia.