Masta ya jiografia: tafuta swali kabla ya kujaza fomu

Mkuu, umeuliza kama ufaulu wa wastani utakunyima masta ya jiografia, kama uchukue ya darasani au ya tasnifu, na kama mada yako, "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima", inafaa. Mimi nimemaliza, kwa tasnifu, kwa hiyo nasema niliyoyapitia.

Naanza na mada maana ndiyo inayoamua mengine. Ilivyo sasa ni pana mno. Msimamizi akiisoma atajiuliza: wakulima gani, zao gani, kuanzia mwaka gani, na utapima nini hasa? Mimi andiko langu nililianzia kwenye data. Nilitaka kujua uoto wa kingo za mto mmoja umebadilikaje, nikaingia kwenye picha za setilaiti za Landsat. Zilianza 1972, na tangu 2008 zinapakuliwa bure, kwa hiyo pesa haikuwa shida. Shida ilikuwa pikseli, vile vipande vidogo vinavyounda picha: zile za miaka ya 1980 kuja huku zina mita 30 kwa 30. Ukanda wa miti wenye upana wa mita 15 unamezwa humo pamoja na maji na shamba lililo pembeni. Setilaiti nyingine, Sentinel-2, inashuka hadi mita 10, ila imeanza kupiga picha 2015. Haiwezi kukusimulia miaka ya 1990. Basi swali langu likahama kutoka kingo hadi bonde zima. Msimamizi aliponiuliza kwa nini bonde zima, jibu nilikuwa nalo mkononi, na naamini hilo lilinibeba kuliko alama zangu, ambazo wala hazikuwa za kutambia.

Kuhusu alama, kila chuo kina kiwango chake cha chini, soma tangazo. Ukishakivuka, barua za wadhamini zina kazi kubwa. Mhadhiri aliyekuona fildi ukihangaika na kipimo ataandika vitu vya maana kuliko mwenye cheo kikubwa anayekujua kwa jina tu. Na mwandikie msimamizi unayemtaka kabla ya kutuma maombi, aya mbili tatu, ukionyesha umesoma makala zake. Anayekaa kimya mwezi mzima sasa hivi, ukimpelekea sura ya tatu atakaa kimya muda gani?

Darasani au tasnifu? Ukitaka kazi ya kuchora ramani na kuchakata data, ya darasani inatosha. Ukiwaza udaktari, chukua tasnifu.

Sasa kumaliza, ambako wengi wanakwama. Ukihoji watu, omba kibali cha maadili mapema sana. Kikichelewa, msimu wa fildi unapita na unasubiri mwingine. Kwa picha, angalia tarehe kabla ya kufurahia ramani. Ukilinganisha picha ya masika na ya kiangazi, kompyuta itakwambia msitu umetoweka, kumbe miti imepukutisha majani tu. Landsat 7 nayo iliharibika Mei 2003, tangu hapo picha zake zina mistari myeusi na takriban asilimia 22 ya kila picha haipo. Na usikokotoe eneo wakati ramani yako bado iko kwenye digrii za latitudo na longitudo. Ihamishie kwanza kwenye UTM au mfumo mwingine wa mita. Programu ya ramani ya QGIS inafanya hivyo bure, huna haja ya programu ya kulipia.

Siku ya kutetea, mtahini hakugusa ramani zangu nzuri hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la makosa, lile linalolinganisha ulichoainisha na kilichopo ardhini. Usahihi wa jumla ulikuwa mzuri, lakini akaweka kidole kwenye mstari wa vichaka: vingi vilikuwa vimehesabiwa kama mashamba yaliyopumzishwa. Kilichoniokoa ni nukta za GPS na picha nilizopiga fildi, pamoja na aya niliyokuwa nimeandika kwamba kwa setilaiti ile makundi hayo mawili hufanana sana wakati wa kiangazi. Akasoma, akaguna, akafungua ukurasa mwingine.

Ukishaipunguza mada ilete hapahapa kwa sentensi moja: wapi, mwaka gani hadi gani, unapima nini. Nitakwambia kama data zake zipo.