Maswali na Majibu: Injini Kongwe za Mbio za Boti na Upulizaji wa Mafuta Bila Umeme

Swali: Kwa nini baadhi ya mafundi wa mbio za baharini waliacha kabureta, ilhali kila fundi alizijua na vipuri vyake vilipatikana kwa urahisi?

Jibu: Sababu ni mawimbi. Kabureta hupima petroli kwa boya dogo linaloelea ndani ya kibakuli, na kipimo hicho huwa sahihi pale tu kibakuli kinapotulia. Mashindano ya boti ya Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahamas, yalianza mwaka 1956. Mwaka 1960, boti iitwayo Moppie, yenye urefu wa futi 30 na kitako cha umbo la V kali kilichobuniwa na Ray Hunt, iliyashinda kwa muda wa takriban saa nane katika bahari iliyochafuka, na tangu hapo wajenzi wakatambua kwamba mawimbi yangeweza kupasuliwa kwa kasi badala ya kukwepwa. Mwaka uliofuata mchapishaji wa magazeti Max Aitken alianzisha mbio za Cowes hadi Torquay nchini Uingereza. Boti ya namna hiyo, hata hivyo, huruka na kutua kwa kishindo mara nyingi katika safari moja, na petroli iliyomo kibakulini hurukaruka nayo, hata injini mara ifurike, mara ikose mafuta. Mfumo wa kupuliza mafuta hauna kibakuli wala boya. Kabureta hazikutoweka, kwa kuwa wapo waliozirekebisha na kuendelea kushindana nazo, lakini aliyechagua kupuliza mafuta alikuwa na hoja ya msingi.

Swali: Injini yangu ya V8 ina mfumo wa Hilborn wa kupuliza mafuta. Niliweka jeti (kipande chenye tundu la kupimia mafuta) yenye tundu kubwa zaidi nikitarajia nguvu iongezeke, badala yake injini ikapata joto na plagi zikawa nyeupe. Nimekosea wapi?

Jibu: Umepunguza mafuta ukidhani unayaongeza, na nakusihi usiiendeshe tena kwa kasi kabla hujarudisha jeti ya awali. Katika mfumo huu, pampu huzungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa nusu ya mizunguko ya krankshafti (shafti kuu ya injini), na husukuma petroli nyingi kuliko inayohitajika. Vali ya kuzunguka iliyounganishwa na akseleta hugawa petroli hiyo: sehemu moja huenda kwenye nozeli, ambazo hupuliza mfululizo bila kusubiri vali za silinda zifunguke, na sehemu nyingine hurudi tangini. Jeti uliyoibadilisha iko kwenye njia ya kurudi. Tundu likipanuka, petroli nyingi zaidi hurudi tangini na silinda hupata pungufu; mchanganyiko mkavu (wenye mafuta machache kuliko hewa inavyohitaji) chini ya mzigo mzito huleta mlipuko usio na mpangilio, ambao huweza kutoboa pistoni ndani ya muda mfupi sana. Mimi huuona mrija wa kurudi kuwa ndio moyo wa mfumo mzima. Ukibanwa, au ukipinda mahali pasipoonekana, injini hupata mafuta kupita kiasi hata kama jeti ni sahihi.

Zingatia pia kwamba pampu huongeza mafuta sambamba na mizunguko, lakini uwezo wa injini kuvuta hewa hupungua inapokaribia kasi yake ya juu kabisa. Ndiyo maana huwekwa vali ya pili yenye springi, ambayo hufunguka shinikizo linapofika kiwango fulani na kurudisha mafuta ya ziada. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha soma rangi ya plagi za silinda zote.

Swali: Mfumo wa Lucas unatofautianaje na huo?

Jibu: Lucas haipulizi mfululizo. Ina rota inayozunguka kwa kasi ya kemshafti (shafti inayofungua vali), na ndani yake kipande kidogo husukumwa huku na huku na shinikizo la petroli, kikitoa kipimo maalumu kwa kila silinda kwa zamu yake. Baadhi ya magari ya mbio ya Jaguar D-type ya mwaka 1956 yaliutumia, na injini ya magari ya Formula One ya Cosworth DFV ya mwaka 1967 pia. Ni mfumo maridadi, lakini nafasi kati ya vipande vyake ni finyu mno na uchafu kidogo huukwaruza. Ule wa Stuart Hilborn, uliokuwamo kwenye gari la Troy Ruttman aliposhinda mbio za magari za Indianapolis 500 mwaka 1952, fundi mwenye subira huweza kuufungua na kuuelewa mezani kwake.

Swali: Je, petroli ya siku hizi inaweza kudhuru pampu ya zamani?

Jibu: Ndiyo, hasa yenye ethanoli, kwa sababu ethanoli huvuta maji, nayo maji huitia kutu pampu inapokaa bila kazi. Weka chujio linalotenganisha maji, badilisha mipira na mirija ya zamani, na usiache petroli hiyo ndani ya mfumo kwa miezi. Uvujaji ndio unaonitia hofu zaidi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kabisa ya boti. Washa feni ya kutoa mvuke kwa dakika zisizopungua 4 na unuse chumba cha injini kabla ya kuwasha.

Swali: Nifiche mfumo wa kupuliza mafuta unaoendeshwa na kompyuta ndani ya vifaa vya zamani?

Jibu: Boti ya kutembelea na familia, fanya hivyo. Boti iliyowahi kushindana, iachie pampu yake.